Likizo ya Kampavani Uskoti Msimu wa Vuli: Mwongozo Kamili kwa Familia

Wanaorudi kutoka Uskoti wakisema safari ya kampavani (gari lenye vitanda na jiko ndani) iliwashinda huwa na malalamiko yale yale. Watoto walilala na baridi. Betri ilikufa usiku wa pili. Kambi waliyoitegemea ilikuwa imeshafungwa, wakajikuta saa moja usiku wanatafuta pa kulala kwenye barabara isiyo na taa. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: safari ya Oktoba imepangwa kwa mahesabu ya Julai.

Vuli ya Uskoti, yaani majira ya majani kupukutika, inataka uanze na vitu viwili, mwanga na joto. Mandhari ipo tu, haihitaji kupangiwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Leseni ya udereva, pasipoti, na kadi ya benki yenye jina la dereva mwenyewe. Kampuni nyingi za kukodisha hazipokei amana kwa kadi ya mtu mwingine.
- Viti vya gari vya watoto, kwa yeyote ambaye hajatimiza miaka 12 na hajafika urefu wa sentimita 135. Hiyo ni sheria.
- Duveti nene, au mabegi ya kulalia yaliyotengenezwa kwa nyuzijoto 0. Na chupa ya mpira ya maji ya moto kwa kila mtoto.
- Pazia nene za kufunika vioo vya mbele kwa nje. Zile nyembamba za ndani zinazuia macho ya watu, baridi hazizuii.
- Waya wa umeme wa nje wa mita 25, wenye plagi ya bluu ya kambi.
- Mtungi wa gesi ya propani. Siyo butani, sababu iko Hatua ya 7.
- King'ora cha kaboni monoksidi chenye betri mpya.
- Tochi ya kichwani kwa kila mtu, mtoto mdogo naye.
- Mabuti ya mpira, koti na suruali ya mvua, na soksi za sufu za kubadilisha.
- Vitambaa vinavyonyonya maji, vinne au vitano, vya kufutia vioo asubuhi.
- Vibao vya plastiki vya kusawazishia magurudumu, glavu za mpira na dawa ya choo.
- Kibanio cha kutolea kupe. Visubi, wale wadudu wadogo wanaowatesa wageni kiangazi, huwa wamekwisha baridi ikianza. Kupe bado wapo Oktoba.

## Hatua ya 1: Chagua wiki kwa kuangalia jua

Katikati ya Septemba, katika mji wa Inverness kaskazini mwa Uskoti, jua linazama kama saa 1:30 jioni. Katikati ya Oktoba linachomoza karibu saa 1:45 asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na ghafla machweo yanakuwa saa 10:30 jioni.

Wiki nzuri kwa familia ni mbili za kwanza za Oktoba: majani yameshageuka rangi ya dhahabu, mchana bado una saa kumi na kitu za mwanga, na kambi nyingi bado ziko wazi. Ila shule za Uskoti hufunga katikati ya mwezi huo, na za England, nchi jirani ya kusini, mwishoni mwake. Magari na kambi za wiki hizo hukodishwa mapema sana, kwa hiyo ukizitaka, anza kuulizia wakati wa kiangazi.

Novemba waachie wazoefu.

## Hatua ya 2: Hesabu mikanda kabla ya kuhesabu vitanda

Hapa ndipo familia nyingi hupotezea pesa. Tangazo linasema "watu wanne", unalipa, halafu siku ya kuchukua gari unakuta vitanda vinne lakini viti vyenye mkanda viwili tu. Kampuni haiwezi kukuruhusu uondoke na watoto wamekaa kitandani, na polisi nao hawatakuruhusu.

Uliza maswali haya kwa maandishi:

1. Viti vyenye mkanda ni vingapi, na vingapi vinaelekea mbele? Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kiti kinachoelekea pembeni.
2. Hita ni ya dizeli au ya gesi? Inafanya kazi gari likiwa limezimwa na bila umeme wa kambi?
3. Paa ni gumu, au ni la kuinuliwa lenye kuta za turubai? La turubai ni zuri Juni. Oktoba, watoto wanaolala juu wanapigwa na upepo na kelele za mvua usiku kucha.
4. Uzito wa juu wa gari ni kilo ngapi? Leseni ya kawaida ya gari dogo inaishia kilo 3,500.
5. Gari likiharibika kwa kosa lako, unabeba kiasi gani mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa? Paa, vioo na turubai la kivuli mara nyingi havimo kwenye bima hiyo. Soma hapo polepole.

Kuhusu leseni: mgeni mwenye leseni halali ya Kenya, Tanzania au Uganda anaruhusiwa kuendesha gari dogo Uingereza kwa miezi 12 tangu alipoingia. Anayeishi huko anahesabiwa miezi 12 tangu alipokuwa mkazi. Baada ya hapo lazima afanye mtihani wa Uingereza. Kampuni za kukodisha zina masharti yake ya ziada, hasa umri na miaka ya kuwa na leseni, hivyo uliza kabla ya kulipa. Anayetoka Afrika Mashariki aombe viza mapema, na asilipie gari lisilorudishiwa fedha kabla viza haijatoka.

Ukiwa na barua pepe ya kampuni inayojibu yote matano, hatua hii imekwisha. Jibu la "usijali" si jibu.

## Hatua ya 3: Chora njia fupi

Njia maarufu ya kuzunguka kaskazini, North Coast 500, ina maili 516, yaani kilomita 830. Kwenye picha inapendeza. Kwa familia yenye watoto, kwa wiki moja ya Oktoba, ni kuwafungia watoto garini na kuendesha gizani. Iacheni.

Kanuni inayofaa: usizidi saa mbili na nusu za kuendesha kwa siku, na kila kituo lala usiku mbili. Usiku wa pili ndio unaokausha nguo na kuwapa watoto siku nzima ya kukimbia.

Njia ya usiku saba inayofuata kanuni hiyo, isipokuwa kituo cha mwisho:

- Pitlochry na Dunkeld, usiku 2. Kutoka Edinburgh ni kama kilomita 110. Msitu wa The Hermitage karibu na Dunkeld una njia fupi ambayo mtoto wa miaka minne anaiweza, na vuli unaweza kuona samaki wa salmoni wakiruka maporomoko.
- Aviemore, usiku 2. Kama kilomita 90. Misitu ya misonobari, ziwa la Loch Morlich lenye ufukwe wa mchanga, na karibu na Kincraig pana Highland Wildlife Park yenye dubu weupe na chui wa theluji. Hiyo iweke kwa siku ya mvua. Sehemu ya mbuga unaipita ukiwa ndani ya gari.
- Fort William au Glencoe, usiku 2. Kama kilomita 95 ukipita Loch Laggan, au 150 ukipitia Inverness na kandokando ya Loch Ness. Hii ya pili ifuate kukiwa na hewa nzuri tu.
- Loch Lomond, usiku 1. Kama kilomita 110 kupitia Glencoe, kisha siku ya mwisho kilomita 100 na ushee kurudi Edinburgh.

Onyo: barabara ya Bealach na Bà, inayopanda hadi mita 626 kwenda Applecross, ina kibao chini kinachoshauri magari makubwa sana yasipande. Kibao hicho hakitanii. Ramani ya simu haijui upana wa gari lako.

## Hatua ya 4: Weka nafasi za kulala, zote

Kambi nyingi hufunga mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Tovuti huchelewa kubadilishwa, kwa hiyo piga simu. Uliza kama wako wazi tarehe yako, kama eneo la gari ni la changarawe au zege, kama lina umeme, na kama kuna chumba cha kukaushia nguo.

Changarawe ni muhimu. Nyasi za Oktoba zimelowa, na gari la tani tatu na nusu likizama, wa kulivuta ni mkulima wa jirani mwenye trekta, kama yupo nyumbani.

Wengi wamesikia kwamba Uskoti mtu analala popote. Nusu ya habari hiyo ni kweli. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kupita na kupiga hema kwa adabu, akiwa kwa miguu au baiskeli. Magari hayamo. Kulala ndani ya gari kunategemea ruhusa ya mwenye eneo. Baadhi ya maegesho ya misitu ya serikali huruhusu magari yenye choo chake kulala usiku mmoja, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 asubuhi. Soma kibao cha pale pale unaposimama.

## Hatua ya 5: Kulipokea gari

Tenga saa nzima, na mtu mmoja akae na watoto mbali. Anayekuonyesha gari ataongea haraka. Mrekodi video kwa simu, ukimwomba ruhusa.

1. Piga picha kila upande, paa, vioo, magurudumu, na kipimo cha mafuta.
2. Washa hita mbele yake na usubiri hewa ya moto itoke. Za dizeli huchukua dakika kadhaa.
3. Washa jiko, friji, pampu ya maji na taa.
4. Akuonyeshe tundu la maji safi na tundu la dizeli. Matundu hayo yako karibu karibu, na kila mwaka kuna mtu anajaza maji kwenye tangi la dizeli.
5. Pima kimo cha gari, uandike kwenye karatasi, ubandike mbele ya dereva: kwa mfano "mita 2.8, futi 9 inchi 2". Maegesho mengi yana nguzo ya juu iliyowekwa karibu mita 2.1, na paa ndilo bima inalolikwepa.

Usiondoke na tangi la maji limejaa. Lita 100 ni kilo 100 za kubeba mlimani bure, na ukishapakia watoto na chakula unaweza kuvuka kilo 3,500. Robo tangi inatosha kufika kambini.

## Hatua ya 6: Barabarani

Uskoti wanapita kushoto, kwa hiyo aliyezoea Dar es Salaam, Mombasa au Kampala yuko nyumbani, hadi kwenye kipilefti. Anayetoka Kigali, Bujumbura, Lubumbashi au Muscat ajipe nusu siku ya mazoezi kabla ya kushika barabara kuu. Vibao vya mwendo viko kwa maili. Barabara ya A9 kuelekea kaskazini ina kamera zinazopima wastani wa mwendo kwa masafa marefu, kwa hiyo kupunguza unapoiona kamera hakusaidii.

Barabara nyembamba za kupita gari moja zina sehemu za kupishania. Iliyo upande wako wa kushoto, ingia usubiri. Iliyo kulia, simama mkabala nayo, mwenzako ndiye aingie. Usivuke kuifuata. Ukiona magari yamejipanga nyuma yako, ingia pembeni wapite. Wenyeji wanawahi kazini. Na usiegeshe hapo kupiga picha, hata ziwa liwe zuri vipi.

Mwisho wa Septemba na Oktoba ni msimu wa kulungu wekundu kupandana. Madume hunguruma mabondeni, watoto watafurahi kuwasikia usiku, lakini alfajiri na magharibi wanavuka barabara bila kutazama. Mmoja akivuka, tarajia wa pili. Punguza mwendo, usikate kona ghafla: gari refu linapinduka.

Kila asubuhi angalia tahadhari za Met Office, idara ya hali ya hewa, na hali ya barabara kwa Traffic Scotland. Kukiwa na onyo la upepo kwa magari marefu, baki ulipo. Ndiyo maana una usiku mbili.

Pombe: kiwango cha Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, chini ya kile cha England ambacho ni 80. Aliyekunywa whisky usiku asishike usukani alfajiri.

## Hatua ya 7: Kufika, kusawazisha, kuunga umeme na gesi

Fika saa mbili kabla ya machweo. Hatua hii inaonekana ngeni kwa wanaopenda kuchelewa, lakini kufanya yafuatayo gizani, mvuani, na mtoto analia njaa, ndiko kunakovunja safari.

1. Elekeza pua ya gari kwenye upepo. Mlango ukifunguliwa na upepo wa nyuma unang'oka bawaba.
2. Sawazisha kwa vibao. Gari likiinama, maji ya sinki hayashuki, na friji ya gesi haipoozi vizuri.
3. Kunjua waya wote wa umeme, hata kama nguzo ya umeme ya kambi iko mita tatu. Waya uliosokotwa kwenye roli unapata moto na kuyeyuka.
4. Chomeka kwenye gari kwanza, kisha kwenye nguzo. Kuondoka, anza na nguzo.

Nguzo nyingi hutoa ampea 10 au 16. Ampea 10 ni kama wati 2,300. Birika la nyumbani na hita ya umeme vikiwashwa pamoja, swichi ya nguzo inakatika, na ofisi ya kambi huwa imeshafungwa. Tumia birika la jikoni la gesi.

Sasa gesi. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, hivyo alfajiri ya baridi mtungi umejaa lakini jiko haliwaki. Propani hufanya kazi hadi chini ya nyuzi 40 hasi. Kwa mitungi ya kampuni ya Calor, propani ni mwekundu na butani ni bluu. Hita ya kilo wati 2 hula kama gramu 160 za gesi kwa saa ikiwaka mfululizo, maana yake mtungi wa kilo 6 ni saa 37. Ukiwasha jioni na kuipunguza usiku, tegemea usiku nne hivi, kisha uwe na wa akiba.

## Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Joto. Washa hita saa moja kabla ya kulala, weka pazia za nje, kisha iache kwenye nyuzi 15 au 16 usiku kucha. Wanaoizima ili "kuokoa" huamka saa tisa usiku na kuiwasha kwa nguvu zote. Hita za dizeli nyingi hukataa kuwaka tangi la gari likiwa chini ya robo, kwa hiyo jaza mapema.

Betri. Bila umeme wa kambi, betri ya kawaida ya ampea-saa 100 inakupa 50 tu bila kuiumiza. Friji ya kompresa, feni ya hita, taa na simu za familia humaliza kiasi hicho kwa siku moja. Jua la Oktoba ni dogo mno kwa sola kuirejesha, ila saa mbili za kuendesha husaidia sana. Kwa hiyo: usiku mmoja bila umeme, sawa, wa pili palepale, hapana.

Unyevu. Watu wanne wakilala kwenye chumba kidogo, vioo vinatoka jasho hadi magodoro yanalowa. Acha tundu la paa wazi sentimita mbili, hata kama roho inauma. Nguo zilizolowa zipeleke chumba cha kukaushia. Na chakula: sufuria ya ugali au maharage ya saa mbili ni kiwanda cha mvuke. Chemsha maharage nyumbani, uyabebe kwenye kopo. Pika ugali mlango ukiwa wazi kidogo. Chapati zinaliza king'ora cha moshi, zikaangeni kabla ya safari.

Hewa. Usipashe gari joto kwa jiko la gesi, na usiingize jiko la mkaa ndani, hata likiwa limezimwa. Kaboni monoksidi haina harufu. King'ora kikilia, toeni watoto nje kwanza, maswali baadaye.

Asubuhi yenye mafanikio: vioo vina ukungu wa kufuta kwa vitambaa viwili, shuka ni kavu, na watoto wamelala bila koti.

## Hatua ya 9: Maji na choo

Baridi ikishuka karibu nyuzi 3, na hita ikiwa imezimwa, valvu ya usalama ya baadhi ya hita za maji, zikiwemo nyingi za kampuni ya Truma, hujifungua yenyewe na kumwaga maji ili yasigande ndani. Unaamka, bomba halitoi tone, chini ya gari pana dimbwi, na pampu inakoroma peke yake. Hakuna kilichovunjika. Zima pampu, washa hita, subiri valvu ipate joto, rudisha kitufe chake, ndipo ujaze maji. Kuizuia ni rahisi: zima pampu kila usiku na acha hita ikiwaka kidogo.

Kaseti ya choo, yaani tangi dogo la uchafu linalovutwa nje, huchukua kama lita 17 hadi 20. Familia ya wanne huijaza kwa siku mbili, kwa hiyo mwage kila asubuhi ya kuondoka, kabla ya taa nyekundu ya kuonyesha imejaa kuwaka. Vaa glavu, fungua mlango mdogo wa nje, vuta kaseti, imwage sehemu maalumu ya kambi tu. Kamwe si mtoni, wala choo cha umma. Suuza, weka maji lita mbili na dawa kwa kipimo cha kwenye chupa.

## Hatua ya 10: Nyama, simu na dharura

Wanaokula halali wanunue Glasgow au Edinburgh kabla ya kupanda kaskazini, waigandishe, kwa sababu vijiji vya milimani vina duka moja dogo. Unga wa sembe vilevile. Pakua ramani kwenye simu; mabonde mengi hayana mtandao.

Dharura ni 999. Mtu akipotea mlimani, piga hiyo hiyo, omba polisi, kisha useme uokoaji wa mlimani. Ushauri wa afya usio wa dharura ni 111. Kila jioni watoto wakaguliwe kupe nyuma ya magoti, kwapani na kwenye mstari wa nywele. Mshike kupe karibu na ngozi, mvute taratibu, usimchome wala kumpaka mafuta.

## Hatua ya 11: Kurudisha gari

Usiku wa mwisho lala ndani ya saa mbili kutoka kwenye kampuni. Asubuhi mwaga kaseti na maji machafu, fagia, jaza dizeli kituo cha karibu, utunze risiti. Bomba la dizeli Uingereza kwa kawaida ni jeusi, la petroli ni kijani. Usibadilishe kwa haraka za mwisho.

Omba miadi ya kabla ya saa 9 mchana. Gari likikaguliwa gizani, mkwaruzo wowote utakaoonekana kesho yake asubuhi utakuwa wako. Piga picha zile zile ulizopiga siku ya kwanza, upande kwa upande, na usimpe mtu ufunguo kabla hajakusainia karatasi ya kupokea.